Masinia Mia Nane

Kitambaa kilitoka chekundu. Mkaguzi akakigeuza upande wa pili, akakitia spiriti kidogo, akachukua sinia jingine na kuanza kusugua upya huku akihesabu kimoyomoyo. Kanuni ni mara hamsini, kwenda na kurudi. Rangi iliyoiva haiisikii spiriti kabisa. Utasugua mpaka mkono ufe ganzi na ua litabaki palepale. Alipofika kumi na tisa waridi lilikuwa limepauka, na kwenye kitambaa kulikuwa na doa la ukubwa wa kidole gumba.

"Lo," akasema peke yake.

Akachomoa la tatu katikati ya rundo, na la nne chini kabisa. Yaleyale. Nyuma yake masinia mia nane yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dirisha, meupe yenye mawaridi, yanang'aa kiasi cha mtu kutamani kuyabeba yote aende nayo kwake. Kwa macho hayakuwa na kasoro hata moja. Ndio ubaya wa hii rangi mpya ya maji: ikitoka tanurini imekauka na kung'aa hata kama ndani bado mbichi, na mama wa watu atalinunua sinia, ataliosha mara mbili tatu, na siku ya nne mawaridi yamehamia kwenye chakula cha watoto.

Zamani kiwanda kilitumia rangi ya thina, ile ya kutoa watu machozi na kuwakohoza hadi nyumbani. Hii ya sasa, iliyoletwa miezi minane iliyopita, haiumizi kifua wala haishiki moto ovyo, ila ina masharti yake. Sinia likishapulizwa rangi liachwe rafuni mpaka maji yatoke, kisha liingie kwenye moto mkali na likae humo muda wake wote, maana ni moto unaoigeuza ile gundi laini ya ndani ya rangi kuwa gamba gumu. Ukifanya haraka, au moto ukiwa hafifu, umepaka masinia uji.

Na mpikaji wa tanuri alikuwa mumewe.

Kiwandani hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pua. Miaka kumi na miwili alikuwa akisogeza uso kwenye mlango wa tanuri, anafumba macho, anavuta hewa, anasema "bado" au "toa", na akisema toa, basi yameiva. Kipimajoto cha tanuri kilipokufa wiki tatu nyuma na wafanyakazi wakaomba kipya, meneja alicheka mpaka akashika kiuno. "Kipimajoto cha nini? Si tuna Pua?" Wote wakacheka, na Pua mwenyewe akacheka kuliko wote.

Mkaguzi alikunja kitambaa, doa likawa ndani, akaenda mpaka tanurini. Mumewe alikuwa anafagia vumbi la rangi sakafuni.

"Baba watoto, rangi inatoka."

"Inatoka wapi?"

"Kwenye masinia ya jana. Nimejaribu manne. Yote."

Mwanamume hakuacha kufagia. "Umesugua kwa nguvu. Wewe ukishika kitambaa unasugua utadhani ni masufuria ya mama yako."

"Nimesugua kama ninavyosugua siku zote."

"Basi spiriti yenu kali." Akatupa jicho upande wa ofisi, akashusha sauti. "Sikiliza. Kesho saa nne lori linakuja kuchukua mzigo. Jumatatu nasaini mkataba. Miaka kumi na miwili mimi kibarua, mama watoto, kibarua wa kuambiwa kesho usije. Sasa unataka nimwage unga kwa ajili ya kitambaa?"

"Muhuri una namba yangu."

"Na mimi ni mume wako. Piga muhuri."

Wakati huo Chiriku, mpulizaji rangi ambaye mdomo wake haukujua kufunga, alikuwa amesimama na bomba lake la kupulizia, masikio yamesimama. "Mnanong'ona nini, wachumba? Si mnaonana nyumbani?"

Akacheka kwa sauti, na meneja akatoka ofisini kusikia kicheko. "Mkaguzi, mzigo tayari?"

"Bado kidogo, bosi. Nitamalizia asubuhi."

"Mke wa Pua naye anakagua nini? Kazi ya Pua inajikagua yenyewe!" Akaingia zake ndani. Mkaguzi alirudi mezani kwake, akakaa mbele ya ule muhuri.

Jioni hiyo mume alitangulia njiani, hatua ishirini mbele, utafikiri ni mtu na mpangaji wake. Walipofika nyumbani, kwenye vyumba vyao viwili vilivyotazama mtaro wa maji machafu, kila mmoja alishika lake. Binti yao wa miaka kumi alikuwa amebandika maharage. Akamwambia baba yake ayaangalie, akakimbilia bombani na ndoo. Mkaguzi naye alikuwa uani anafua, anafua kwa hasira, shati moja mara tatu.

Ghafla sauti ya mama mkwe ikapaa kutoka kwa jirani. "Nyie! Nyie humo ndani! Mnaunguza nini jamani, mtaa mzima unanuka!"

Mkaguzi aliingia mbio na povu mikononi. Mumewe alikuwa kwenye kigoda, ameupa mgongo moto, anashona soli ya kiatu cha binti yake. Kutoka hapo mpaka kwenye sufuria hapakuwa na hatua mbili. Maharage yalikuwa yameshika chini yote, na harufu yake ilikaba koo.

"Baba watoto!"

Mwanamume akageuka, akaona, akaruka na kuliepua sufuria kwa mikono mitupu. "Nilikuwa na mawazo," akasema, akipuliza vidole.

"Mawazo gani hayo?" Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, anahema. "Nimeisikia mimi nikiwa nyumba ya tatu, mwanangu. Wewe umekaa hapohapo!"

Mkaguzi alibaki amesimama na povu likimdondoka sakafuni. Mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Mtaro ule wa nje, ambao mumewe alikuwa akiulaani kila jioni na kuapa kwamba watahama, kwa muda mrefu sasa alikuwa hajautaja. Yeye mkewe alidhani amekuwa mvumilivu, akamsifia hata kwa ndugu zake. Kipande kile cha samaki kilichooza, ambacho yeye na binti walikisukuma mbali, mwenzao akakila chote na kulamba vidole. Na yale manukato aliyoyanunua kwa kujinyima, akajipaka, akampitia karibu mara mbili, asiambiwe hata neno. Usiku ule alilia, akahisi kuna mwanamke mwingine.

"Mama," akamwambia mkwewe, "naomba umfuate mtoto bombani, ndoo nzito." Bibi akaondoka kwa kuguna. Alikuwa mtu mzima, alijua anafukuzwa.

"Tangu lini?" mkaguzi akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini hunusi?"

Mwanamume alikaa tena kwenye kigoda. Akaokota kiatu, akakiweka chini, akakiokota tena. "Ile homa ya mwaka jana," akasema mwishowe. "Nilipoamka kitandani ilikuwa imeondoka. Nikasema itarudi. Kila asubuhi naamka nanusa mto, nanusa kwapa langu. Hakuna kitu. Hata wewe, mama watoto. Hakuna."

"Mwaka mzima! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wanaponiita pale kiwandani wananiitaje?"

"Na tanuri umekuwa ukilipikaje?"

"Kulikuwa na kipimajoto. Nasogeza uso, navuta hewa, macho nimefumba nusu, kumbe nasoma kipimajoto. Kikafa. Nikawa nahesabu dakika, na mambo yakaenda. Jana umeme ulikuwa mdogo, taa zenyewe zilikuwa nyekundu. Nilijua moto haukufika. Niliongeza dakika kwa kubahatisha, nikajiambia pengine zimetosha." Akamtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nakuomba. Mzigo huu mmoja tu. Nikishasaini Jumatatu nitawang'ang'ania wanunue kingine, na hakuna atakayejua."

"Watu watakula rangi."

"Kidogo tu."

"Binti yako ungemwekea chakula kwenye lile sinia?"

Nje, mama mkwe alikuwa amerudi na alikuwa amesikia ya kutosha. Akaingia bila kubisha hodi, akaweka ndoo. "Mwanangu," akamwambia mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, "aibu ya mumeo ni yako. Mfichie."

"Aibu nitaificha, mama. Nitaificha hata chini ya godoro. Lakini masinia mia nane nitayaficha wapi?"

Bibi akaanza kukwangua maharage. Waliyakula hivyohivyo, na baba wa nyumba alikula kuliko wote kwa kuwa kwake hayakuwa na kasoro. Mkaguzi hakuweza hata kumaliza tonge la pili. Alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Ndipo wazo likamjia, si zuri sana, lakini wazo.

"Yanaweza kupikwa tena," akasema.

"Nini?"

"Masinia. Hayajaungua, ni mabichi tu. Geti linafunguliwa saa moja, lori linakuja saa nne. Tanuri linabeba mangapi?"

"Mia mbili." Mwanamume akahesabu kwa vidole. "Awamu nne. Tukiwahi, tukikosa kupumua... Lakini nani atanusa?"

"Mimi. Harufu ya yaliyoiva naijua, yanapita mezani kwangu kila siku. Nitasimama pembeni na daftari langu, najifanya naandika. Likiiva nitakohoa."

"Hujawahi kupika tanuri maisha yako yote."

"Na wewe hunusi. Basi tuko sawa."

Alikubali shingo upande, na usingizi wao ulikuwa wa mang'amung'amu.

Saa moja kasoro walikuwa getini kabla ya mlinzi kumaliza kunawa uso. Walipakia masinia mia mbili ya kwanza kwenye vitoroli bila kusemezana, wakayasukuma ndani, mwanamume akawasha moto wote. Umeme ulikuwa mzuri, Mungu awape nini tena. Mkaguzi akasimama karibu na mlango wa tanuri, daftari mkononi, na pua yake ikijaribu kutenganisha joto na vumbi na jasho la mumewe. Mwanzoni hakuipata harufu yoyote, akaogopa kwamba naye ameambukizwa. Halafu ikaja, ndogo, ikapotea, ikarudi imeshikamana. Akakohoa. Mumewe akamtazama, akasita. Akakohoa kwa nguvu zaidi, na mlango ukafunguliwa.

Sinia likiwa bado lina uvuguvugu alilisugua mara hamsini. Kitambaa kilitoka cheupe. Akasugua kumi nyingine za furaha, na mumewe akacheka, mara ya kwanza kwa siku mbili.

Awamu ya pili ilikuwa ndani na saa ilikuwa mbili na nusu, meneja alipoingia. Kwa kawaida alikuwa akifika saa tatu. Chiriku alikuwa pembeni yake anaongea, na hakuna haja ya kuuliza alikuwa anaongea nini.

"Mnapika nini?"

"Masinia, bosi," mkaguzi akajibu.

"Masinia gani? Ya leo hayajapulizwa."

"Ya juzi. Yanarudiwa. Hayakuiva."

Meneja alitazama masinia yaliyotoka, akatazama yaliyosalia karibu na dirisha, akachukua moja kutoka kila upande na kuyaweka pamoja. Kwa macho hayakuwa na tofauti. "Hayakuiva! Nani kasema?"

"Kitambaa." Akampa kile cha jana.

"Hii ni rangi, ndiyo. Ulisugua kwa msasa?" Watu waliokuwa wanaingia kazini wakaanza kusogea. Hakuna kitu watu wanapenda asubuhi kama kumsikiliza mwenzao anavyogombezwa. "Unajua umeme wa kupika awamu nne ni kiasi gani? Mteja anakuja saa nne, nimwambie mkaguzi wangu amecheza na kitambaa? Lete muhuri."

"Bosi, siwezi kuyapiga muhuri yale."

"Huwezi?"

"Siwezi. Rangi inatoka, watu wanakula humo."

Meneja hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamgeukia mpikaji. "Pua. Haya masinia ulipika wewe. Ulinusa mwenyewe, ulisema toa mwenyewe. Mkeo anasema hukupika kitu. Sasa niambie mbele ya watu, yaliiva au hayakuiva? Kwa sababu mmoja wenu hajui kazi yake, na asiyejua kazi anakwenda nyumbani leo hii. Kama ni yeye, wewe Jumatatu yako iko palepale."

Mkaguzi alijua mumewe atasema nini, na aliona hata sababu zake: miaka kumi na miwili, binti, viatu vyenye soli ya kushonwa. Mkaguzi ni rahisi kusingiziwa kwamba hajui kazi. Na kazi yenyewe aliipata kwa kuingizwa na mumewe. Akakitazama kile kitambaa mkononi mwa meneja. Alikuwa anangoja tu neno lenyewe.

"Hayakuiva," mumewe akasema.

"Unasemaje?"

"Yuko sahihi. Hayakuiva, bosi. Mimi sinusi."

Kicheko kililipuka kiwanda kizima. Chiriku alijishika mbavu. "Pua hanusi! Leo umeamka na vituko!" Mzee wa mashine ya kukandamizia mabati alifuta machozi. Hata meneja mdomo ulimcheza. Pua alikuwa mtu wa mzaha siku zote, na huu waliuona mzaha bora kuliko yote aliyowahi kuwaletea.

Yeye hakucheka. Alisimama palepale mikono imelala pembeni, anangoja wamalize. Kicheko kikapungua, kikaanza tena pembeni, kikapungua. Kisha mmoja baada ya mwingine wakageuza macho kwa mkewe, waone naye anasemaje, wakamkuta analia.

"Mwaka mzima sasa," mwanamume akasema. "Sisikii harufu ya kitu chochote. Nilikuwa nawadanganya. Mke wangu amejua jana tu, na asubuhi hii yeye ndiye aliyepika."

Chiriku aliinamisha kichwa na kuanza kusafisha bomba ambalo lilikuwa safi.

Meneja alikuwa mtu wa hesabu, hakuchukua muda. Akampigia mteja simu na kumdanganya kwamba umeme ulikatika usiku, lori lije saa nane. Akamwambia mkaguzi amalizie awamu zilizobaki. Akampa dereva wa kiwanda noti mbili, akamtuma dukani, na dereva akarudi kabla ya nusu saa na kipimajoto kipya ndani ya kiboksi kisichozidi mche wa sabuni. Wiki tatu zote zile, kilikuwa cha nusu saa na noti mbili. Mzee wa mashine akakifunga mlangoni kwa bisibisi, na mshale ukapanda na kutulia.

"Sasa nikapike?" mumewe akauliza. Alikuwa amesimama kando muda wote ule, kofia mkononi. "Kwa kipimajoto naweza, bosi. Kusoma naona vizuri."

"Kwa kipimajoto kila mtu anaweza," meneja akasema. "Chiriku atapika. Wewe nenda kapakie."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu njoo upakie. Kibarua kama kawaida."

Kufikia saa nane mkaguzi alikuwa amesugua masinia arobaini kutoka kila upande wa rundo, na vitambaa vyote vilikuwa vyeupe. Akapiga muhuri namba yake kwenye karatasi ya mzigo. Kupitia mlango wa nyuma alimwona mumewe anainua masinia ishirini ishirini kwenda kwenye lori, pamoja na vijana wa kubeba waliokuja nalo, ambao hata hawakumfahamu. Dereva wa lori alimwita "wewe mzee, harakisha". Alitamani kutoka amtukane dereva yule matusi ya nguoni, lakini alikuwa na karatasi ya kusaini.

Jioni walitoka getini pamoja, na safari hii mwanamume hakutangulia. Walitembea mpaka wakapita duka la kona.

"Umenikasirikia?" mkaguzi akauliza.

"Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani. Nipe siku mbili tatu."

"Ungesema yaliiva ningekuelewa."

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa."

Wakaenda tena kidogo. Mwanamume akapunguza mwendo, akasimama kabisa, watu wakawa wanawapita kulia na kushoto.

"Mama watoto. Inanukaje?"

"Nini?"

"Hii rangi ya maji. Ikishaiva. Ile ya thina naikumbuka mpaka leo, hata usingizini. Lakini hii ilikuja mimi nikiwa nimeshaharibika. Miezi minane nimeipika na siijui."

Mkaguzi alifikiri. Hakutaka kukosea. "Kwanza ni nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi," akasema polepole. "Ile ya joto, safi. Halafu kwa nyuma inakuja tamu kidogo. Sukari inapoanza kugeuka rangi kwenye kikaango, kabla haijaungua."

"Tamu?"

"Kidogo. Nzuri tu."

"Kumbe," mumewe akasema. Machozi yakamtoka palepale barabarani, mbele za watu.